Kidole kwa Ndevu

Mahali nisipopataja, mwezi wa saba, siku ya ishirini, mwaka wa kumi na tano wa Jamhuri ya China

Kwa Bosi Theluji Nyeusi, huko mlimani

Hapana bosi, sijafa. Umeuliza kwa mkato, "Yule mwenye mdomo bado anapumua?" Basi nami nakujibu kwa mkato: napumua, nakula, na jana nimekunywa pombe ya mtama mpaka nikaimba. Kilichopungua ni sikio la kushoto, na hilo unalo wewe. Litunze. Nikikutukana huku, wewe huko utasikia vizuri.

Umeuliza pia kama mzizi ninao. Ninao. Jinsengi, ule mzizi wa dawa, ya majani sita, ina mikono miwili na miguu miwili kama mtoto mchanga aliyelala, na ndevu zake, vile vimizizi vyembamba, zote zipo, hata moja haijakatika. Tuliifunga uzi mwekundu isitutoroke, tukalala kifudifudi tukiichimba kwa vijiti vya mfupa wa kulungu, udongo tukiupuliza kwa mdomo kama unampoza mtoto uji. Ninyi mmekaa vichakani mnatuangalia tu, mnangoja tumalize kazi. Wajanja kweli.

Sasa ngoja nikukumbushe ulivyokuja, maana mtu anayeua watu wengi nahisi wanamchanganyikia. Ilikuwa asubuhi, tunakula uji wa uwele. Kundi letu watu watano. Kiongozi wetu, Mzee Mu, alikuwa ameshuka kijitoni kuchota maji. Mkatokea na zile ndevu zenu za manyoya ya farasi mlizopaka rangi nyekundu, mimi nikadhani ni waigizaji wamepotea njia. Nikacheka. Sijamaliza kucheka, Qiao mpishi kapigwa shoka la kichwa, kaangukia kwenye sufuria, uji ukabadilika rangi. Sui Kipara mkamkata koo bado ana kijiko mkononi. Kaka yangu Baocheng akapigana na fimbo ya kupekulia majani mpaka mkamvunja mguu. Na mimi, jibaba lenu moja likanikalia kifuani, likashika sikio, likakata. Halafu kisu kikaja kooni.

Hapo nikapiga kelele: "Rungu!"

Nikueleze, kwa vile wewe ni mtu wa bunduki. Sisi msituni mzizi hatuuiti jina lake, ukisikia unaitwa unakimbia. Tunauita rungu. Anayeuona anapiga kelele "Rungu!", wote wanasimama palepale, na kiongozi, yeye peke yake, anauliza: "Mzigo gani?" Unamjibu idadi ya majani. Mwingine hafungui mdomo. Na ukipiga kelele bure umeudanganya mlima, inabidi ung'oe jani la hapo ulipo utembee nalo hadi mlima ukusamehe.

Kwa nini nilipiga kelele ile, sijui. Mtu anayechinjwa huita mama yake. Mimi nikaita kazi. Na watu wakasimama, bosi! Kaka alitulia palepale alipoanguka. Sui, koo wazi, akainua kichwa. Na lile jibaba lililonikalia, mkono ukaganda hewani, na ndani ya zile ndevu za farasi ikatoka sauti: "Mzigo gani?"

Nikamchoma kijiti cha mfupa jichoni, nikanyakua mzigo wenye mzizi, nikabingirika korongoni. Huko chini nikaokota kofia ya Mzee Mu, ile ya gome la mti, ina tundu na damu. Kwa hiyo na yeye mmemmaliza. Nimeipeleka kwao, imezikwa badala yake.

Sasa biashara. Mama Xun wa hoteli ya njiapanda anasema Kaka yupo kwako. Ninyi mateka mnamwita tiketi, na kumuua mnaita kuchana tiketi. Mimi nataka tiketi yangu nzima. Wewe unataka mzizi. Nipe nikupe. Hata watoto wanajua mchezo huu.

Mimi mwenye sikio moja,
Luan wa Tatu

*

Mlimani, mwezi wa saba, siku ya ishirini na tatu

Luan wa Tatu,

Unaandika kama unavyoongea, na unaongea kama bata. Hapa hakuna nipe nikupe. Kuna amri.

Mzizi uufikishe kwa Mama Xun ukiwa umefungwa ndani ya gome la mti, ndevu zote salama. Nikishaukagua mimi mwenyewe, tiketi itashuka. Yule uliyemtoboa jicho anataka kumchana kaka yako kwa meno. Namzuia, lakini nami nachoka.

Kwenye karatasi ya mafuta utakuta kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kaka yako hakulia. Alikutukana wewe. Ukichelewa utapata kinachofuata, na kinachofuata, mpaka ashindwe kushika hata vijiti vya kulia chakula.

Theluji Nyeusi

*

Mahali palepale nisipopataja, mwezi wa saba, siku ya ishirini na sita

Bosi,

Mzigo umefika. Mama Xun alifungua akadhani ni figili ya chumvi, kidogo aikatekate aweke mezani. Tungecheka mpaka kesho.

Nimekitambua. Kina kovu la panga la kukatia majani ya punda, tulipokuwa wadogo kwetu Shandong. Mimi ndiye nilikuwa nashika panga, yeye anasukuma majani. Alinitukana siku ile vilevile. Kwa hiyo ahsante, nimejua kweli yupo na mdomo wake unafanya kazi. Nimekizika kwenye chungu chenye udongo safi. Nimekaa nacho kidogo. Halafu nikarudi kazini.

Fungua hiyo karatasi nyekundu. Umeona? Ni ndevu moja ya mzizi. Ile ndefu ya upande wa kushoto, yenye vifundo vidogo kama lulu. Nimeivunja kwa vidole vyangu hivi. Ililia "tik", kidogo tu, lakini najua wewe huko umesikia kama mtu kavunjwa shingo.

Basi bei ndiyo hiyo, kidole kwa ndevu. Ukikata mkono, nami nakata mkono. Mzizi unayo miwili. Ukikata mguu, hivyohivyo. Na ukichana tiketi, natafuta kuku aliyenona, napika supu, natia mzizi mzima, natafuna kuanzia kichwani. Wanasema anayekula majani sita anaishi miaka mia. Miaka mia yote hiyo nitakuwa nakutukana wewe.

Ninyi ni Ndevu Nyekundu, huu nao una ndevu. Tuone za nani zitakwisha kwanza.

Luan wa Tatu

*

Mlimani, mwezi wa saba, siku ya ishirini na tisa

Mpumbavu wewe! Mwana wa kobe!

Unajua umevunja nini? Zile lulu kwenye ndevu zinaonyesha umri. Mnunuzi wa mjini Yingkou anaanza kuangalia hapo kabla hajaangalia mwili. Umeuvua nguo mbele ya watu! Na nina hakika umeufunga ovyo, kwenye gunia kama viazi.

Sikiliza. Palipovunjika paka majivu ya mti mweupe, kidogo. Kisha tafuta kuvumwani, ule ukoga wa kijani, ya kwenye mawe, karibu na maji, usichukue ya kwenye miti. Uilowanishe kwa maji ya mdomoni, upulize, usishike kwa mkono maana mkono una chumvi. Ufunge mzizi humo, kichwa juu, miguu chini. Fungua uupunge hewa asubuhi tu. Ukioza nitakuchuna ngozi niifanye gome.

Usidhani umeshinda. Umesema kidole kwa ndevu, mkono kwa mkono. Vizuri. Mzizi hauna masikio. Nimemkata kaka yako sikio, la kushoto, mfanane. Limo ndani. Sasa kata unachotaka kukata.

Safari hii alilia.

Theluji Nyeusi

*

Mwezi wa nane, siku ya pili

Bosi,

Sikio limefika. Kweli, mzizi hauna masikio. Hapo umenipata. Niliugeuza huku na huku natafuta cha kukata, sikuona. Una akili wewe, ungekuwa mfanyabiashara.

Nimefuata maelekezo yako. Nimekwenda mtoni mwenyewe, nimebandua kuvumwani kwenye mawe, nimepuliza maji kwa mdomo, kichwa juu, miguu chini. Mzizi umerudi kuwa mbichi kama umechimbwa leo. Ahsante kwa somo. Nimelisoma mara nyingi, hasa hapo kwenye chumvi ya mkono.

Mimi ni mzima. Mama mwenye nyumba ananifulia, ananipa chapati za mahindi na kabichi ya chumvi, na kidonda cha sikio anakisafisha asubuhi kwa chai baridi. Ana mama mkwe kipofu anayeniuliza kila siku, "Luan, umekula?" Nikisema ndiyo, ananiongeza.

Yule mtu wako wa jicho vipi? Lililobaki linaona mbali?

Nakupa mpaka sikukuu ya mwezi mpevu, siku ya kumi na tano. Sikukuu ikifika sijamwona Kaka, naukata mzizi nauweka ndani ya keki za mwezi, nagawa mtaa mzima, mpaka mbwa. Sikukuu njema.

Luan wa Tatu

*

Mlimani, mwezi wa nane, siku ya sita

Luan wa Tatu,

Umeongea mno, kama kawaida. Vijana wangu wamemfuata mtu asiye na sikio kutoka kwa Mama Xun hadi mjini Fusong, lango la mashariki, nyumba yenye kitambaa cheupe cha msiba mlangoni. Mjane mmoja na kikongwe kipofu. Ndio hao wa chapati na kabichi.

Nimechinja jogoo mbele ya genge, watu arobaini, tumekunywa damu na kuapa: sikukuu ikifika na mzizi hauko mikononi mwetu, tunashuka. Nyumba inachomwa. Mjane atakatwa kichwa pale mlangoni, kiwekwe juu ya kile kitambaa. Kikongwe tunamfungia ndani. Haoni njia, moto utamwongoza. Wewe utaangalia yote, kisha nitakata sikio lililobaki. Askari wa lango hawatanyanyua hata fimbo.

Kiapo cha damu hakirudishwi. Anayekirudisha anachanwa na wenzake. Kwa hiyo usiniandikie vichekesho.

Leta mzizi.

Theluji Nyeusi

*

Fusong, lango la mashariki, mwezi wa nane, siku ya tisa

Mzee Mu, shikamoo.

Kaa chini kwanza. Geuza mgongo kwa watu wako wasikuone uso, hata kama hawajui kusoma.

Nilijua tangu siku ile, ila nilikuwa sitaki kujua. Lile jibaba nililolitoboa jicho ni wewe: umenikalia kifuani, kisu kooni, nikasema "Rungu!", nawe ukajibu. Hukuweza kujizuia. Umeuliza "Mzigo gani?" msituni miaka yote ile, mdomo ukaenda wenyewe kama wangu. Nikajiambia sauti zinafanana, Mzee Mu amekufa, kofia yake nimeizika mwenyewe. Nikaubembeleza moyo hivyo mpaka barua yako ya kuvumwani. Wachimbaji wa mlima huu mzima wanafunga mzizi kwa kuvumwani ya mtini. Mtu mmoja tu duniani alikuwa anatutuma mtoni kubandua ya mawe, halafu anatupiga makofi tukiilowanisha kwa mkono. "Mkono una chumvi, nyie mabata!" Nilikuwa nacheka nikiisoma. Halafu nikaisoma tena, polepole, bila kucheka.

Damu ya kwenye kofia ilikuwa ya nini, ya sungura?

Haya. Sasa kuhusu ile nyumba.

Baada ya wewe kufa, mkeo aliogopa kukaa kule bondeni, eti Ndevu Nyekundu wanamzunguka. Akahamia mjini. Mimi ndiye niliyebeba vyungu, na mama yako nikambeba mgongoni, njia nzima ananiuliza kama nimekula. Nyumba ya kitambaa cheupe ndiyo hiyo, Mzee. Kile kitambaa ni chako. Kichwa ulichoapa kukiweka juu yake ni cha shemeji, mkeo, aliyekushonea ile kofia kwa uzi wa katani. Na yule kikongwe atakayeongozwa na moto, kila mlo anaweka mezani vijiti viwili vya ziada, vyako wewe, na hakuna anayethubutu kuvigusa. Juzi nilivigusa kwa bahati mbaya, akanichapa mkono. Sijui kaonaje.

Mzizi uko humo humo. Umelala mbele ya kibao cha marehemu chenye jina lako, chini ya ubani. Kila asubuhi mkeo anauinamia bila kujua, anadhani anakuinamia wewe.

Utauliza kwa nini nisiwahamishe. Nimejaribu. Mama yako kagoma. Anasema roho ya mwanawe itakuja sikukuu kula keki, isije ikakuta nyumba tupu. Nimemwambia labda roho imeshiba huko iliko. Akanichapa tena.

Na huwezi kuwaambia watu wako, "Jamani, tusiende, ile ni nyumba yangu." Wamekunywa damu. Watauliza kwa nini uliwaficha kwamba una mke, una mama, na unamjua huyu bata tangu zamani. Watakuchana pale pale, kisha watashuka kuchoma bado.

Nilikaa na kisu cha jikoni, nikafikiria: kidole kwa ndevu, sikio kwa sikio. Mama yako alikuwa ananyoosha miguu juani. Ana masikio makubwa, kama yako. Nikakiweka kisu chini, nikamenya viazi. Wewe na mimi tumekula chungu kimoja lakini hatukulelewa pamoja.

Kwa hiyo dili langu ni hili. Nisikilize vizuri, unayo masikio mawili, na langu la tatu.

Kiapo chenu kinasema mzizi uwe mikononi mwenu kabla ya sikukuu. Basi uwe. Siku ya kumi na nne, asubuhi kweupe, nitakuwa kwenye kile kijumba cha mungu wa wachimbaji chini ya mlima, pale tulipoapa wote watano kugawana sawa. Nitakuwa peke yangu na mzizi. Wewe uje peke yako na Baocheng juu ya nyumbu, amefungwa mguu kwa ubao kama mtu. Simama kwenye mti wa msonobari, usisogee. Piga kelele "Rungu!" Mimi ndiye nitakayeuliza "Mzigo gani?" Safari hii kundi ni langu. Nawe utajibu: "Baocheng, anapumua." Nikimsikia Kaka ananitukana, naweka mzizi chini, natembea kinyumenyume.

Mzizi utaupeleka gengeni mbele ya macho yao, waushike wote arobaini. Kiapo kinakuwa kimetimia, hakuna wa kushuka, hakuna kiberiti. Najua ulitaka kuwazunguka uupeleke Yingkou peke yako. Sahau. Hutapata hata ndevu moja.

Ukinipiga risasi pale, sawa. Mama Xun nimemwachia maneno mawili tu ya kumwambia mkeo: "Yuko hai." Atayasema. Halafu wewe utarudi nyumbani na hilo jicho moja, umweleze Qiao yuko wapi. Qiao aliyekuwa anakupakulia uji wewe kabla ya mtu yeyote. Umweleze na Sui aliyeinua kichwa, koo wazi, kwa sababu alidhani tumepata mzizi mwingine.

Kwa hao sijakusamehe, na dili halinitaki nikusamehe. Sharti la mwisho: uendelee kufa. Kaa huko huko. Mkeo abaki mjane wa mtu mwema, mama yako aendelee kuweka vijiti. Na siku utakayoonekana Fusong, Mzee, kaburi lako lipo tayari nyuma ya lango la mashariki, tulilichimba tulipohamia. Lina kofia tu ndani. Nafasi imebaki kubwa.

Lile jani nililong'oa korongoni siku ile bado ninalo mfukoni, limekauka. Niliudanganya mlima mara moja. Wewe usiudanganye.

Haya. Umenikalia kifuani au nimekukalia?

Mzigo gani, Mzee Mu?

Luan wa Tatu